Mkia wa Torgunn

Torgunn Aspenes hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, hilo lieleweke kwanza. Wauza magari wote mjini Tromsø walimjua na kumkimbia. Ukimwambia nje kuna theluji, alitoa mkono dirishani ndipo akajibu. Mwanamke wa namna hiyo, msomi, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, ndiye aliyechezewa shere mpaka akafanywa mtoto mdogo, tena na watu aliokuwa akila nao meza moja. Mimi nikilikumbuka jambo hili hasira hunipanda mpaka leo.

Kazi yake ilikuwa rada. Rada yenyewe iko ng'ambo ya mpaka, katikati ya misitu ya Ufini, mbali kabisa na huku bondeni kwetu Breidmo. Hapa Breidmo tuna mtambo wa kupasha anga joto: shamba zima la nguzo na nyaya lililotandazwa juu ya theluji, linalosukuma mawimbi ya redio juu, juu kabisa, kule zinakochezea taa za kaskazini, ile mianga ya rangi ya usiku. Mawimbi yakifika huko, anga linavurugika na kujikunja mikunjo mikunjo kama shuka la mgonjwa aliyekosa usingizi. Kwa macho huoni kitu. Lakini ile rada ya Ufini ikipiga pale, mikunjo inarudisha mwangwi, na kwenye kioo cha kompyuta linatokea doa jekundu. Mtambo ukiwashwa, doa linakuja. Ukizimwa, doa linakufa muda si muda. Ndivyo walivyojua wote, mpaka alipokuja Torgunn.

Torgunn aliona mkia. Mtambo wa Breidmo ulikuwa ukizimwa, lakini kwake doa lilikataa kufa. Lilififia polepole, likijiburuta kwa dakika nyingi, kana kwamba anga lilikuwa na kidonda kisichotaka kufunga. Aliuona mara ya kwanza mwaka aliofiwa na mumewe, Jostein. Akaurudia, akaupima, akauandikia makala. Wataalamu wa fani yao wakaupa jina lake, na mpaka Japani huko watu waliandika "mkia wa Aspenes" bila kueleza zaidi.

Wapo waliobisha. Mjerumani mmoja, Volkhard, alijaribu na mtambo wa mahali pengine asiuone hata mara moja, akasimama mkutanoni kusema hivyo kwa adabu zote. Torgunn alimjibu mbele ya ukumbi mzima kwamba tatizo si anga, tatizo ni mtu asiyejua kutumia vyombo vyake. Watu wakacheka. Yule bwana akakaa, na tangu hapo hakuonekana tena mikutanoni.

Sasa sikiliza walivyofanya kazi. Ilikuwa kazi ya watu wawili wasioonana. Torgunn yuko Ufini mbele ya kioo chake. Oddgeir Lillevoll yuko Breidmo mbele ya swichi zake. Katikati ni simu. "Nimewasha." "Nimeona." "Nimezima." "Sawa." Siku nzima hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Mtu wa rada hawezi kuwa Breidmo wakati mtambo unafanya kazi, kwa sababu ndiyo saa anayotakiwa awe kwenye rada yake. Kwa hiyo neno la mwenzako ndilo kipimo chako. Akisema amezima, basi amezima, na wewe unaandika sifuri.

Na Oddgeir hakuwa mwenzake wa simuni tu. Torgunn alikwenda Ufini siku za vipimo tu; nyumba yake ilikuwa hapa Breidmo. Jostein alipofariki, ni Oddgeir aliyekuja na koleo asubuhi kumwondolea theluji mlangoni, majira yote ya baridi, bila kuombwa. Alikunywa kahawa yake wima, akaenda zake kazini. Kati ya valvu kubwa za mtambo wake, zile za glasi na chuma zinazokuza nguvu ya mawimbi, alizozibatiza majina ya shangazi zake, moja aliipa jina la Torgunn. "Hii ndiyo mkorofi kuliko zote," alisema, na Torgunn alicheka kweli kweli kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Basi Januari ile walikuja wageni kutoka Oslo, na wengine kutoka nchi za nje, kuamua kama ijengwe rada mpya kubwa hapo hapo Breidmo. Sababu ya rada hiyo ilikuwa moja tu: mkia. Torgunn ndiye angeiongoza. Alikuwa ameisubiri kwa roho yake yote, kwani alitaka kuuchungulia mkia wake kwa karibu kabla hajazeeka. Siku hiyo alimwachia rada ya Ufini mwanafunzi wake, Marjut Kallioniemi, binti aliyekuwa karibu kumaliza shahada yake ya uzamivu, yeye akaja Breidmo kuwapokea wageni. Kwa hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa pale na mtambo unanguruma.

"Leo ni siku yako, Torgunn," Hallgrim, mkurugenzi wa kituo, alimwambia pale kantini, huku akipanga kwenye sahani vafla, zile keki bapa za vyumba vyumba. "Wewe kaa tu, upendeze."

"Nipendeze na sweta hii?"

"Hata hiyo. Kwa mkia ule hata ukija na gunia tutakupigia makofi."

Wageni walikuwa wakila vafla na jibini ya kahawia. Baada ya chakula wangepelekwa uwanjani kufanyiwa kioja cha kituo: mgeni hupewa tyubu ya taa, ile ndefu nyeupe inayouzwa madukani, akasimama nayo chini ya nyaya. Mtambo ukiwashwa, tyubu inawaka yenyewe mikononi mwake, bila waya wala betri. Maprofesa wazima huchekelea kama watoto. Torgunn akaona ni heri atangulie kuzijaribu tyubu, asije akamkabidhi mgeni mbovu. Akavaa koti, akatia simu ya upepo mfukoni, akatoka.

Ilikuwa adhuhuri, na giza lake ni lile letu la Januari, la buluu, jua likiwa halijatoa hata kipaji cha uso. Alisimama chini ya nyaya. Kwenye simu ya upepo, iliyounganishwa na laini ya chumba cha mitambo, akamsikia Oddgeir akizungumza na Marjut wa Ufini.

"Nawasha."

"Naona. Doa limetoka."

Tyubu ikawaka mikononi mwa Torgunn, nyeupe, nzuri. Akatabasamu peke yake.

"Nazima," ilisema sauti ya Oddgeir.

Tyubu ikazimika. Torgunn akainama achukue nyingine, na hapo akaona kwamba ile ya kwanza haikuzimika kabisa. Upande mmoja, ule ulioelekea nyaya, ilibaki na mwanga hafifu, kama makaa chini ya majivu. Akadhani ni macho. Akaifumbata kwa glavu, akaifumbua. Mwanga upo. Akarudi nyuma hatua chache, ukapotea. Akasogea tena karibu na nyaya, ukarudi. Akachukua tyubu ya pili, ya tatu. Zote zilisema jambo moja. Na yeye si mtu wa kuhitaji kuelezwa mara mbili.

Hakukimbia. Alitembea mpaka chumba cha mitambo, tyubu mkononi, akaingia bila kukung'uta viatu.

Oddgeir alikuwa kwenye kiti chake, soksi za sufu miguuni, kikombe magotini.

"Mtambo uko vipi?" aliuliza Torgunn.

"Umezimwa. Si umenisikia nikimwambia Marjut?"

"Nimekusikia. Nakuuliza uko vipi."

Oddgeir akageuka amtanie, akaiona tyubu. Uso ukamshuka. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Ni kidogo tu, Torgunn."

"Kidogo nini?"

"Kidogo cha kuzipa joto. Valvu zikizimwa kabisa zinapoa. Zikipoa halafu ukiziwasha kwa nguvu zinapasuka. Kiwanda kilichozitengeneza kilishafungwa, unajua mwenyewe. Sina nyingine. Nyinyi mnaniambia zima, washa, zima, washa, mchana kutwa, mimi huku roho inanitoka. Kwa hiyo sizimi. Nashusha. Nashusha mpaka chini kabisa, mshale wenyewe hausomi kitu."

"Lakini nyaya zinatoa."

"Zinatoa kidogo."

Torgunn akavuta kiti, akaketi. Hesabu alikuwa ameshaimaliza kichwani. Kulivuruga anga kunataka nguvu nyingi, kama kuwasha kuni mbichi. Ila likishavurugika, nguvu ndogo tu inatosha kulizuia lisitulie upesi. Kila mwenye kazi yake anajua hilo. Hakukuwa na kidonda wala mkia. Kulikuwa na mzee mmoja anayezionea huruma valvu zake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla hujaja. Wa kabla yako, doa likianza kufifia tu, walifunga vyombo vyao."

"Na ile siku ya kwanza? Siku niliyouona?"

Oddgeir akajikuna kidevu. "Ulinipigia simu unalia. Jostein hata mwaka alikuwa hajatimiza. Ukaniambia, Oddgeir, nimepata kitu. Jamani, ningekuambia nini?"

"Ungesema, Torgunn, sijazima. Ni maneno mawili tu."

"Nilitaka kusema kesho yake. Kesho yake Hallgrim akaja na keki. Keki imeandikwa jina lako."

"Hallgrim anajua?"

Oddgeir akainama, akakiokota kikombe chake.

"Nilimweleza. Akasema nisikuharibie. Akasema, mwache mama wa watu afurahi, kidogo tu hakimuui mtu."

"Kidogo hakimuui mtu," Torgunn alirudia. Alimkumbuka Volkhard akikaa chini ukumbini na masikio mekundu. "Nilimdhalilisha mtu, Oddgeir. Mbele za watu. Na ukweli ulikuwa wake. Mimi nikarudi nyumbani, nikakuhadithia, na wewe ukacheka pamoja nami."

"Nilicheka kwa sababu ulikuwa unacheka."

Hapo ndipo hasira ilipompata sawasawa. Alikuwa ameshavumilia huzuni; hasira ilikuwa kitu kipya, na ilimpa miguu. Akasimama.

"Washa. Washa kwa nguvu zote, doa litoke. Halafu uzime. Si kushusha. Ukate umeme kabisa."

"Torgunn, zitapasuka."

"Zipasuke. Anza na ile yenye jina langu."

Oddgeir alimtazama, akaona hakuna mzaha. Akawasha. Torgunn mwenyewe akachukua simu ya mezani, akampigia Marjut. Hakumwambia lolote zaidi ya kumtaka aseme anachokiona.

"Limetoka," alisema Marjut kutoka Ufini, sauti yake changamfu kama kawaida. "Doa zuri kweli leo. Wageni wameshiba?"

"Bado. Endelea kutazama." Akamwashiria Oddgeir.

Oddgeir akaufungua mlango wa chuma ukutani, akashika mkono wa swichi kuu kwa mikono yake miwili, akauvuta chini. Ngurumo ikakatika. Hata nyumba ilitulia. Mlio mwembamba ambao Torgunn hakuwa ameutambua kuwa ni mlio ukanyamaza. Zikabaki pumzi zao.

"Limeondoka," alisema Marjut.

"Lote?"

"Lote. Hakuna mkia." Halafu akaongeza, kwa ile sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa: "Leo Oddgeir amezima kabisa, eti?"

Torgunn akaikaza simu sikioni. Alitaka kwanza awe na hakika na alichosikia, maana hiyo ndiyo tabia yake.

"Umesemaje, Marjut?"

"Nimesema limeondoka."

"Baada ya hapo."

Torgunn hakungoja jibu.

"Nani alikuambia kwamba kuna kuzima na kuna kuzima kabisa?"

"Torgunn..."

"Nani?"

"Hakuna aliyeniambia," Marjut alisema, na uchangamfu ulikuwa umekwisha. "Niliona mwenyewe. Mwaka juzi, wewe ulikuwa na homa, umeme ulikatika huko Breidmo katikati ya kazi. Mkia haukuwepo. Nikampigia Oddgeir."

"Hukunipigia mimi."

"Ningekupigia ungesimamisha kila kitu."

"Ndiyo, ningesimamisha."

"Na tasnifu yangu yote ni mkia. Mwezi ujao nasimama kuitetea. Ungeitupa, Torgunn. Nakujua, ungeitupa bila kupepesa macho."

"Ningeitupa."

"Sasa ulitaka nifanye nini?"

Huyo ni binti aliyelala nyumbani kwa Torgunn majira mawili ya baridi, aliyevaa koti la marehemu Jostein alipofika hana koti la maana. Torgunn ndiye aliyemfundisha kwamba kioo kikionyesha jambo usilolipenda, unaliandika kwanza, unalia baadaye. Akaiweka simu mahali pake bila kuaga. Alijisikia mjinga, na ujinga huo ulimuuma kuliko uongo wenyewe. Mumewe alikuwa kaburini, na hawa ndio waliobaki, ndio aliowahesabu kuwa wake. Kumbe wote watatu walikuwa wamekaa kikao kimoja juu ya mgongo wake, wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Naenda kuwaambia wageni," alisema.

Oddgeir alikuwa bado ameushika mkono wa swichi. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Nitakuja na wewe," alisema. "Nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kosa si lako hata chembe, na sitakuacha usimame peke yako. Haki ya Mungu, Torgunn."

Na yeye akamwamini. Jamani, akamwamini tena! Lakini ungefanyaje? Umezoea kumwamini mtu miaka na miaka, huwezi kuacha kwa nusu saa. Akampa hata mkono kumwinua ngazini.

Kantini kulikuwa na joto na harufu ya siagi. Hallgrim alikuwa amesimama akiwasimulia wageni juu ya rada mpya, akionyesha kwa mikono itakavyosimama bondeni. Mkuu wa wageni, mama mmoja wa Oslo mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, alimwona Torgunn mlangoni, akamtabasamia.

"Ndiye huyu mwenye mkia," alisema, na meza nzima ikacheka kwa upole.

"Hakuna mkia," Torgunn alisema.

Wakacheka tena. Walidhani ni utani wa kitaalamu. Torgunn akangoja wamalize, akasema tena, akaeleza: mtambo haukuwahi kuzimwa wakati wa vipimo vyake, ulikuwa ukishushwa tu ili valvu zisipoe, na kile kidogo kilichobaki ndicho kilicholizuia anga kutulia. Yote aliyoyaandika juu ya mkia hayana maana, na rada isijengwe kwa sababu hiyo. Aliyasema yote kwa utulivu.

Kicheko kikafa. Hallgrim akaitua sahani mezani.

"Haya ni mambo mazito," alisema mama wa Oslo. "Una hakika?"

"Mwulizeni mwenye swichi. Amekuja aseme mwenyewe."

Wote wakamgeukia Oddgeir. Alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Akamtazama Hallgrim. Hallgrim naye alimtazama, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo walilokwisha kupatana. Dirishani nyuma yao zilionekana taa za nyumba za bonde, na nusu ya nyumba hizo zinakula kutokana na mtambo ule. Torgunn alimwona Oddgeir akiyapima hayo yote. Aliujua uso wake vizuri mno asiweze kukosea, ndipo akajua, kabla Oddgeir hajafungua mdomo, kwamba hatausema ukweli.

"Bwana Lillevoll," alisema mama wa Oslo, "ulikuwa unazima au huzimi?"

"Mimi ni mtu wa mitambo, mama," Oddgeir alisema. "Nikiambiwa washa, nawasha. Nikiambiwa zima, nazima. Hayo ya angani ni ya wasomi."

Kuna mtu alivuta kiti, mwingine akakohoa. Hallgrim akamjia Torgunn, akamwekea mkono begani, mkono mzito wenye huruma, akawaambia wageni kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Mtusamehe. Torgunn amechoka sana. Tangu afiwe na mumewe anajibebesha kazi kupita kiasi, sisi wenzake tumekuwa tukiliona."

Torgunn akamtazama Oddgeir. Oddgeir akaiangalia kofia yake, kisha akatikisa kichwa kukubali: ndiyo, amechoka.

Wageni wakaanza kumtazama kwa macho ya kumwonea imani. Mmoja akamsogezea kiti, mwingine kikombe cha kahawa. Torgunn aliuondoa mkono wa Hallgrim begani mwake, akabaki amesimama, akaanza kueleza upya tangu mwanzo.